Duka la fremu lililomkata kidole mwanamke wa Bill Traylor

Nianze na lililo zuri, kwa kuwa haki ni haki: fremu ni ya mbao imara, pembe zake zimeungana bila ufa, na kioo hakina hata doa. Duka liko jirani na Nasser Road, Kampala, na kwa picha za harusi au mahafali ningekuelekeza huko bila kusita. Mimi, hata hivyo, niliwapelekea nakala ya mchoro wa Bill Traylor, mchoraji wa Marekani, niliyoletewa na dada yangu kutoka Washington: mwanamke anayeonekana kwa ubavu, mwenye sketi ya buluu na mwamvuli, ambaye kidole chake kinasonta mbele hadi ukingoni kabisa.

Kidole hicho hakipo tena, kwa sababu fundi aliukata ukingo ili picha "inyooke".

Traylor, aliyezaliwa utumwani Alabama yapata mwaka 1853 na ambaye hakufundishwa kuchora na mtu, alianza kazi hii akiwa na zaidi ya miaka 80, ameketi kando ya barabara mjini Montgomery, akitumia penseli na rangi za maji za kuandikia mabango juu ya kadibodi zilizotupwa. Kadibodi zenye madoa na kingo zilizopinda alizipenda kuliko mpya alizoletewa, na umbo la mchoro mara nyingi lilifuata umbo la kadibodi. Wapo wanaowaona wanawake wake kuwa vikatuni tu. Mimi naona watu wenye amri, mkono kiunoni, wakimkaripia mtu ambaye pengine hata haonekani. Huyu wangu sasa, bila kidole, anaonekana kama abiria anayengoja taksi.

Nilipolalamika, kijana wa kaunta hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Nyabo, ukingo ulikuwa mbovu, tumekusaidia." Nilipokiulizia kipande kilichokatwa, nikaambiwa kimeshafagiliwa. Pole sikupewa, nilipewa risiti, tena yenye malipo ya "kunyoosha" juu yake.

Nilikusudia kuandika kwamba kazi yao ni nzuri isipokuwa kwa michoro, lakini kila ninapoikumbuka risiti ile nafuta sentensi hiyo. Hata picha zenu za harusi zipelekeni kwingine, hasa kama shangazi amesimama pembeni.