Mchapaji wa mabango Kariakoo aliyeuliza kwanza ukuta ni wa nani

Kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa mwaka 2024 zilidumu siku 7 tu, kuanzia tarehe 20 hadi 26 Novemba, hivyo bango likichelewa siku mbili limekwisha kazi kabla halijatundikwa. Nilifika Kariakoo jioni ya tarehe 19 kuagiza bango la meta 2 kwa 1 la mgombea uenyekiti wa mtaa wetu, nikikusudia kuliweka mbele ya nyumba ninayopanga Mbagala, na kesho yake saa mbili na nusu asubuhi nililikuta limekwishakunjwa, linanisubiri.

Kuliko wepesi huo, ninayasifu maswali ya fundi. Kabla hajapokea shilingi 30,000 zangu aliuliza ukuta ni wa nani, na nilipomjibu kuwa mimi ni mpangaji, alinisihi nimpigie mwenye nyumba pale pale, kwa kuwa nyumba ni yake na majirani watamhesabu yeye kuwa ndiye aliyeegemea upande. Mama mwenye nyumba aliridhia, kwa sharti kwamba nisipigilie hata msumari mmoja kwenye lipu. Fundi akauliza tena nyumba iko umbali gani kutoka Barabara ya Kilwa, akanieleza kwamba kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara kuu ni meta 30 kila upande kutoka katikati, na kwamba bango likisimikwa humo, hata kama ni mbele ya mlango wako, TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, wanaweza kuling'oa. Nguzo nilizokwisha kununua nikaziacha. Akatia ringi nane ili nilifunge kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Mteja aliyenifuata alikuwa wa chama kingine kabisa, naye akaulizwa yale yale.

Kasoro ipo, wala si ndogo. Pindo la kushoto lilibandikwa kwa gundi badala ya kushonwa, na siku ya tatu upepo ukalibandua pamoja na ringi mbili, jina la mgombea likajikunja lisisomeke. Walilishona bila malipo, lakini siku nzima ya kampeni ilinipotea. Atakayekwenda adai pindo la kushonwa pande zote nne kabla ya kulipa. Mimi nitarudi kwao kwa sharti hilo.

Jioni ya tarehe 26 nililishusha, na Mama alipokuja kuukagua ukuta wake hakukuta alama yoyote.