For All Mankind: uongo mkubwa niliumeza, mdogo ukanikwama kooni

Nilijiunga na Apple TV+, huduma ya kuangalia tamthilia mtandaoni, kwa ajili ya mtu mmoja. Niliambiwa Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, anacheza kwenye tamthilia ya For All Mankind kama tajiri mwenye kampuni inayokwenda Mirihi, nikasema huyo lazima nimwone. Wiki ya bure ikaisha, nikalipia, ndipo nikagundua kwamba haingii mpaka msimu wa tatu. Misimu miwili ya mwanzo ina sehemu 10 kila mmoja. Nikala sehemu 20 nikimsubiri mtu, na alipotokea nilikuwa nimeshasahau kwamba nilimfuata yeye.

Natoboa siri zote humu. Ambaye hajaiangalia na anakusudia kuiangalia, aishie hapa.

Mwenzangu wa kuangalia alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa fizikia sekondari. Ana tabia moja: jambo lisipomwingia akilini, anashika rimoti na kusimamisha picha. "Shemeji, hebu ngoja kwanza." Kuna usiku sehemu moja ya dakika 60 ilituchukua zaidi ya saa mbili, na mke wangu akatuachia sebule akaenda kulala.

Tamthilia inaanza Juni 1969. Mrusi Alexei Leonov anakanyaga Mwezini kabla ya Wamarekani, na mashindano ambayo katika dunia yetu yaliishia pale yanaendelea miaka na miaka. Nilidhani rimoti itafanya kazi dakika ya kwanza. Haikufanya. Shemeji akaniambia hapo hawakubuni sana: Leonov ndiye mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, mwaka 1965, na ni kweli alikuwa akiandaliwa kwa safari ya Mwezini, kwenye chombo cha kutua cha mtu mmoja. Kilichowaangusha Wasovieti ni roketi yao, N1. Hatua yake ya kwanza ilikuwa na injini 30. Waliirusha mara 4 kati ya 1969 na 1972, na mara zote 4 ikafeli. Ile ya Julai 1969 ilianguka palepale ilipopaa ikasambaratisha jukwaa lake, wiki zisizotimia tatu kabla Mmarekani Armstrong hajatua Mwezini.

Waandishi wa tamthilia wamesema wazi uongo wao unaanzia wapi: Sergei Korolev, mhandisi mkuu wa Wasovieti, aliyefariki Januari 1966 akifanyiwa upasuaji, kwao anapona. Basi. Mtu mmoja anatoka mzima chumba cha upasuaji na karne inageuka. Hapo ndipo mimi na shemeji tulipokwaruzana mara ya kwanza. Mimi niliupenda uchache wa uongo wenyewe. Yeye akasema N1 haikufa kwa kukosa baba tu. Fedha zilikuwa haba, na hatua ile ya kwanza haikuwahi kuwashwa nzima ardhini kujaribiwa kabla ya kurushwa. "Korolev angeishi," akasema, "angeishi na ukata uleule." Sina jibu la hilo hadi leo, lakini nilimwambia abonyeze tuendelee.

Na inakwenda vizuri kweli. Kwa sababu Warusi wametangulia, seneta Edward Kennedy anaahirisha sherehe ya Chappaquiddick ya Julai 1969, ile ajali ya gari iliyomharibia jina haitokei, na mwaka 1972 anashinda urais. Kabla ya hapo Warusi wanapeleka mwanamke Mwezini, basi Rais Nixon anaamuru NASA, shirika la anga la Marekani, nayo ianze kufundisha wanawake. Watu watadhani hilo limetiwa chumvi. Lakini wanawake 13 wa Marekani walishafaulu vipimo vya afya vya wanaanga mwanzoni mwa miaka ya 1960, vipimo vilivyoendeshwa nje ya NASA, na hakuna aliyewaita. Tereshkova wa Wasovieti, mwanamke wa kwanza angani, alipaa mwaka 1963. Mmarekani Sally Ride akafuata mwaka 1983. Miaka 20. Tamthilia haikubuni wanawake wale, iliwafungulia mlango uliokuwa umefungwa. Kibao kinapogeuka namna hiyo sisimamishi chochote.

Sasa msimu wa pili. Wamarekani na Wasovieti wana vituo Mwezini, askari wa Marekani wanashushwa na bunduki zilizopakwa rangi nyeupe. Nilicheka kwa sauti. Shemeji hakucheka. Kesho yake akarudi na habari kwamba mwaka 1974 Wasovieti walirusha kituo cha kijeshi, Salyut 3, kikiwa na mzinga, na Januari 1975, kikiwa hakina mtu ndani, wakaufyatua kwa amri kutoka ardhini. Mzinga. Angani. Kwa hiyo kicheko changu nilikimeza.

Kisha ile ya mwisho wa msimu, ambayo kila aliyeiangalia anaitaja. Kituo cha Wamarekani kimevamiwa, kinu cha nyuklia kinakaribia kuyeyuka, na mavazi ya anga hayafikiki. Gordo na Tracy, mume na mke walioachana, wanajizungushia solotepu nene mwili mzima kama maiti ya Farao na kutoka nje mbio kwenda kuunganisha nyaya. Wanafanikiwa, wanarudi mlangoni, wanakufa.

Rimoti ilitua mezani saa ileile. Tukaketi kama baraza la usuluhishi. Je, inawezekana? Mwaka 1966 fundi mmoja aliyekuwa akijaribu vazi la anga ndani ya chumba kisicho na hewa huko Houston alichomokewa na bomba la hewa; alibaki na fahamu sekunde kama 14, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakichemka ulimini. Walimrudishia hewa na akapona. Kwa hiyo binadamu hafi papo hapo wala halipuki kama puto, ila sekunde zake ni chache mno, na wale wawili walikimbia zaidi ya hizo. Solotepu inabana mwili usivimbe, walikuwa na kitu cha kupumulia, shemeji akawapa nusu alama. Mimi niliwapa zote. Sababu yangu si ya kisayansi: NASA yenyewe imeishi kwa solotepu. Apollo 13 walifunga nayo kichujio cha hewa ili wasife kwa pumzi zao wenyewe. Apollo 17 walitengenezea bawa la gurudumu la gari lao Mwezini kwa ramani na solotepu. Hawa hawakutoka hewani.

Ulioniingia kabisa ni mgeuko mdogo ambao watu hawauzungumzii. Margo, mhandisi wa NASA, anamnong'oneza mwenzake Mrusi kwamba ile mipira ya kuziba maungio ya roketi za pembeni hukakamaa kwenye baridi. Wasovieti wameiba michoro ya shuttle, chombo cha Wamarekani cha kwenda angani na kurudi, pamoja na kasoro yake. Hakuna mlipuko, hakuna muziki mkubwa. Lakini anayejua kwamba kasoro hiyohiyo ndiyo iliyoisambaratisha shuttle Challenger na wanaanga wake Januari 1986 anakaa wima kwenye kochi. Neno moja la huruma, na ndilo kamba ambayo baadaye KGB, majasusi wa Kisovieti, wanamfunga nayo yule mama msimu mzima. Huo ndio uandishi.

Mirihi sasa. Msimu wa tatu ni mashindano ya watatu: NASA, Wasovieti, na kampuni ya Gathegi, ambaye, nikiri, ameibeba kazi yake kwa utulivu wa mtu asiyehitaji kupandisha sauti. Wanafika, wanagombea nani wa kwanza, halafu inabainika kwamba aliyetangulia ni Mkorea Kaskazini mmoja ndani ya kichombo ambacho dunia nzima ilidhani hakina mtu. Shemeji alisimamisha picha na kusimama na yeye. Alichukua daftari la maandalio ya somo, akaandika: safari ya miezi 8, chakula kilo 1 kwa siku, hizo ni kilo 240 kabla hujaweka maji wala hewa. Akauliza mzigo ule ulipandishwa na roketi gani. Katika dunia yetu Korea Kaskazini ilifikisha setilaiti yake ya kwanza kwenye mzunguko wa dunia Desemba 2012, na katikati ya miaka ile ya 1990 nchi ilikuwa katika njaa kali.

Nilimtetea mwandishi. Sehemu ya kwanza kabisa ya msimu ule, ile hoteli ya angani inapoanza kuzunguka kwa kasi ya kuua watu, kisa chake ni vipande vya roketi ya Korea Kaskazini. Walishatuonyesha mapema kwamba jamaa wanarusha vitu, sisi tukawa tunaangalia harusi. Hesabu za shemeji sina cha kuzipinga. Ila hakuna aliyenidanganya.

Kilichonikwama ni vingine kabisa. Danny, mtoto wa Gordo na Tracy, kulala na Karen, mama wa rafiki yake aliyefariki: kile hakikuhitaji sayansi kukitilia shaka, kilihitaji mtu mzima mmoja chumbani mwa waandishi wa kusema "jamani". Halafu kijana huyohuyo mgonjwa wa mapenzi na mraibu wa dawa anapita mchujo wa kwenda Mirihi, akabidhiwe mashine ya kuchimba, na mlima uporomoke juu ya watu. Na kwa nini sayari nzima inategemea watu walewale 6? Ed Baldwin, mwanaanga mkongwe wa tamthilia, yupo kila mahali kama mjumbe wa nyumba kumi. Roketi za nyuklia naziamini, kwani Marekani ilizijaribu kweli ardhini huko Nevada miaka ya 1960. Kuaminika kwa Danny na waliompima afya, hapana.

Nilimwambia shemeji jambo ambalo hakulitarajia. Pale Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya Mercury, vile vya kwanza kubeba watu wao angani. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alipopaa Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masikio yake. Januari 1964 Mapinduzi yakatokea, wataalamu wakaondoka, na miezi michache baadaye kituo kikafungwa. "Hiyo ukiiweka kwenye tamthilia yao," nikamwambia, "wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kubonyeza." Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama majengo bado yapo.

Naipa 8 kwa 10. Ningeipa 9 kama Danny angebaki duniani. Ina matusi na mambo ya chumbani, usiwashe watoto wakiwa macho, na ukiwa na bando la kuungaunga, pakua usiku. Msimu wa nne tumeuanza juzi, wanataka kuvuta asteroidi, mwamba wa angani, yenye madini ya iridiamu. Shemeji amekuja na kikokotoo.