Kujibu wateja mwenyewe au kuiachia simu ijibu
Mama anayeuza nguo za mitumba Kiborloni, Moshi, huku akilea mtoto mchanga, ana njia mbili za kuwahudumia wateja wa simu: kumjibu kila mmoja mwenyewe, au kuiachia WhatsApp Business, programu isiyolipiwa iliyotoka mwaka 2018, ijibu kwa niaba yake.

Kujibu mwenyewe kuna utu wake, kwani mteja hupenda kupatana bei, na simu haijui nani hulipa mwisho wa mwezi. Lakini maswali mengi ni yale yale: bei gani, saizi ipi, mnatuma Arusha? Hapo programu inashinda waziwazi, kwa sababu jibu ukishaliandika mara moja na kulipatia neno la mkato, kwa mfano /bei, ukiandika neno hilo tu hujitokeza lote, nawe unalituma. Tena ujumbe wa kutokuwepo, ule ambao simu humtumia mteja yenyewe, hupangiwa saa, tuseme saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, mtoto anapoogeshwa na kulazwa. Bando likiisha, hata hivyo, ujumbe huo hauendi.

Mapatano ya bei na madeni ningeyashughulikia mwenyewe, daftari mkononi. Maswali ya kila siku ningeiachia simu bila wasiwasi.