Yamaha C40 kama gitaa la kwanza: uzoefu wangu

C40 ni gitaa kavu la saizi kamili, la nyuzi za nailoni. Nimelipiga na nimelifundishia, na mtu mzima anayeanza kabisa akiniuliza anunue lipi, nalitaja hili kabla ya jingine lolote. Sababu kubwa ni mkono wa kushoto. Seti ya nyuzi za nailoni huvuta kwa jumla ya karibu kilo 40. Seti ya chuma ya namba 12 (namba ni kipimo cha unene wa uzi) huvuta zaidi ya kilo 70, na uzi wenyewe ni mwembamba, unakata ngozi. Kwenye nailoni mwanafunzi hukaa na gitaa nusu saa nzima. Kwenye chuma, siku za mwanzo, dakika kumi zinatosha kumfanya aliweke chini.

Urefu wa uzi unaopigwa ni milimita 650 na shingo ina upana wa milimita 52 pale kichwani. Ndugu yake wa nyuzi za chuma, F310, ana 634 na 43. Upana huo unasaidia mwanzoni, kwa sababu kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C au D kila kidole kinapata nafasi yake bila kuzima uzi wa jirani. Unakuja kudai malipo kwenye kodi ya F, pale kidole cha shahada kinapolala juu ya nyuzi zote sita. Mwenye mkono mdogo ataihangaikia kodi hiyo wiki kadhaa. Mtoto wa miaka minane hadi kumi na moja hivi msimnunulie C40 kabisa. Mtafutieni CS40, ambalo ni fupi, milimita 580.

Uso wake ni plaiwudi ya spruce, mti wa jamii ya misonobari. Sauti yake haitakomaa kwa miaka kama ya uso wa ubao mzima, hilo ni kweli, lakini plaiwudi haipasuki kirahisi hewa inapobadilika kutoka ukavu hadi unyevu. Kwa gitaa la kujifunzia nakubali biashara hiyo bila kusita.

Sasa dukani. Jina lililo kichwani halitoshi, maana magitaa mawili ya aina moja yanaweza kutofautiana. Nenda na rula ndogo, kipande cha karatasi na kadi za benki. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na huhesabiwa kuanzia kichwani. Tafuta freti ya 12, ile iliyo pale shingo inapokutana na mwili. Pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: milimita 4 kwa uzi mnene, 3 kwa uzi mwembamba. Kadi moja ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi nne zikipita chini ya uzi mwembamba kwa kuugusa tu, uko sawa. Rula ikisoma 5 au zaidi, hapo ndipo vidole vitakapoteswa.

Kisha bana uzi kwenye freti ya 3 na uangalie juu ya freti ya 1. Uwazi unaotakiwa hapo ni wa unene wa unywele. Ukiona nafasi kubwa, mifereji ya kile kipande cheupe cha kichwani kinachopitisha nyuzi haijachimbwa vya kutosha, na F itakuwa ngumu hata kwa fundi. Piga kila noti, uzi baada ya uzi, freti baada ya freti. Mlio wa kukwaruza mahali pamoja tu ni freti iliyoinuka. Ukienea shingo nzima, nyuzi ziko chini mno au shingo imepinda. Mwisho ingiza karatasi pembezoni mwa daraja, kile kibao kilichogundishwa usoni ambako nyuzi zimefungwa. Ikipenya, gundi imeachia, rudisha gitaa.

Nyuzi zikiwa juu kidogo tu, hiyo ni kazi ya nusu saa nyumbani. Legeza nyuzi, chomoa kipande cheupe kinachozibeba darajani, chora mstari wa penseli kwa chini, kisha kisugue upande huo wa chini juu ya msasa uliolazwa mezani. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, hivyo ukitaka kushusha milimita 1 pale, unaondoa milimita 2 huku. Sugua kidogo, rudisha, pima, endelea. Kitako kikitoka kimepinda, uzi mmoja utasikika dhaifu kuliko wenzake.

Wiki ya kwanza gitaa litapoteza tyuni kila baada ya dakika chache. Halina ubovu, nailoni mpya inanyumbuka. Vuta kila uzi taratibu kwa vidole, tyuni tena ukitokea chini kwenda juu, na baada ya siku kadhaa itatulia. Ukifunga nyuzi mpya mwenyewe, zile tatu nyembamba zizungushe mara tatu darajani kabla ya kukaza, kwa sababu zinateleza na fundo la mzunguko mmoja hufyatuka.

Kosa linaloua magitaa haya ni kufunga nyuzi za chuma “ili lilie zaidi”. Ule uzito wa ziada wa kilo 30 na kitu huvimbisha uso nyuma ya daraja, kisha daraja hung'oka. Joto la gari lililofungwa juani hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia ya gundi.

Shingo haina alama. Mimi hutia nukta za wino mweupe wa kufutia ubavuni, upande unaotazama juu, kwenye freti ya 5, 7 na 12. Kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni ili kupandisha sauti, nayo nunua ya gitaa la nailoni, kwa sababu ubao wa shingo hapa ni bapa. Kapo ya gitaa la chuma ina mpindo unaoacha baadhi ya nyuzi bila kubanwa.

Anayetaka kusindikiza kwaya kwa piki (kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi), au kupiga kwa gumba na shahada ule mtindo wa gitaa kavu la Katanga, C40 litamwacha na njaa: sauti ni ya mviringo, haichomi. Huyo achukue F310, aombe lifungwe seti ya namba 11 badala ya 12, na pale freti ya 12 apime milimita 2.5 kwa uzi mnene na 2 kwa mwembamba.