Duka la dawa la mtaani: nyota mbili, moja ya feni

Nimeenda na UTI yangu, dada wa kaunta hata hajauliza kama kuna dawa nyingine natumia, kanikatia sipro 500 (ciprofloxacin, antibiotiki) vidonge kumi kwenye kibahasha, "kutwa mara mbili", basi. Siku ya tatu kano ya nyuma ya kisigino inauma nashuka ngazi kama bibi, daktari ndo kanistopisha kanibadilishia. Kumbe FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, walishaagiza dawa za kundi la sipro ziwe na onyo la kuumiza kano tangu 2008, na 2016 wakasema UTI ya kawaida usipewe kundi hili kama kuna dawa nyingine. Karatasi ya maelezo ilibaki kwenye boksi lao! Na mimi nilikuwa namezea maziwa jamani, kumbe yanaikata nguvu. Ila bei poa, na hawafungi mapema.