Slashi Ikwolsi anadaiwa kila mahali: uzoefu wangu na programu ya bure ya kusoma nyaraka

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akiba hapa Busia, upande wa Uganda. Wanachama ni akina mama wauza mukene, yaani dagaa, vijana wa boda boda, wabadilisha fedha wawili, na wazee ambao macho yao siku hizi hayasomi hata kibao cha duka. Kinachotukutanisha ni Kiswahili, maana ukishika Kisamia umemwacha Muganda, ukishika Luganda umemwacha Mteso. Kila mwezi mimi ndiye wa kusoma kumbukumbu za kikao, kurasa nane au tisa, na koo langu si la mwadhini. Kijana wa fotokopi akaniwekea programu ya bure kwenye simu: unaipa waraka, inakusomea. Jina lake silitaji.

Siku za kwanza nilikuwa kama bwana harusi. Barua za mwanasheria nilizisikiliza huku naosha vyombo. Kweli, neno ng'ombe ililichinja vipande viwili, "ng" kwanza, "ombe" baadaye, mpaka nilipogundua kwamba inataka ile alama ya juu iliyonyooka, si ile ya kupinda. Na ukiipa karatasi iliyopigwa picha inakaa kimya kama imenuna, kwa sababu kwake hiyo ni picha tu, haioni herufi ndani yake. Yote hayo niliyasamehe.

Ikaja siku ya kikao, nadhani ilikuwa kabla ya mvua hizi. Nikaunganisha simu na spika, nikaegemea kiti. Waliohudhuria wakasomwa. Ajenda zikasomwa. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukafika kwenye madeni.

Sisi, kama kila mwenye daftari la duka Afrika Mashariki, huandika 150,000/=. Sauti ile iliyokuwa inatiririka Kiswahili kama mzaliwa wa Pwani ikageuka Mzungu ghafla: "wan handred fifti thauzand slashi ikwolsi." Jina la pili, slashi ikwolsi. La tatu, slashi ikwolsi.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Katibu, huyu Slashi Ikwolsi amejiunga lini? Mbona anadaiwa kila mstari?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, sikujua kinachokuja. Mama mmoja wa mukene hakucheka. Deni lake lilikuwa limeshasomwa na hakulisikia.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mengine yote mmeyasema kwa Kiswahili. Kwa nini pesa peke yake ndiyo imesemwa Kizungu?"

Nilikosa jibu. Watu wakamwangalia mhazini, mhazini akaniangalia mimi. Wenye vikundi wanajua: huwezi kurudisha imani kwa kusema "samahani, ni simu." Nikazima spika, nikasoma kwa mdomo wangu mstari kwa mstari, jasho linanitoka, na bado mama yule akaomba daftari lenyewe apelekewe mwanawe alikague.

Baadaye nilielewa. Kabla ya kutamka, mashine lazima igeuze tarakimu na alama kuwa maneno, na kila lugha inahitaji kanuni zake kwa kazi hiyo. Hawa watengenezaji waliifundisha Kiswahili cha herufi, kwenye nambari wakaazima Kiingereza. Na ile /=, ambayo kwa Kiingereza alama zake huitwa slash na equals, maana yake tu ni kwamba hakuna senti. Senti zenyewe hapa Uganda nani anazishika? Kiswahili kimo kwenye katiba ya nchi hii kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini nilipochagua "Uganda" kwenye orodha yao ya nchi nilirudishwa kwenye Kiingereza. Nikalalamika. Nilijibiwa upesi, kwa adabu, na kwa Kiingereza, kwamba sauti bora ziko kwenye toleo la kulipia.

Bure gani hii? Hata sauti yao ya kawaida haisemi bila intaneti, na bando tunalonunua lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Nyota moja, na hiyo ni ya ng'ombe.

Ila nisiwe mwongo. Usiku ule niliifuta, keshokutwa yake nikairudisha. Baba yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na jioni ile aliniuliza, "Yule kijana msomaji yuko wapi?" Sasa waraka wowote naupitia kwanza: kila /= nainyofoa naweka neno shilingi mbele, na kiasi nakiandika kwa maneno, laki moja na nusu. Inasoma vizuri tu. Kwenye kompyuta ya ofisi natumia Edge, kivinjari cha Microsoft, chenye sauti za Kiswahili: Zuri na Rafiki wa Kenya, Rehema na Daudi wa Tanzania. Nao wanataka intaneti. Bando likiisha ipo eSpeak NG, programu nyingine ya kusoma, ya bure kweli, isiyohitaji mtandao. Sauti yake ni ya mashine na haijifanyi mtu, jambo ambalo siku hizi naliheshimu.

Kwa hiyo nyota tatu? Baba angetoa tano. Mzee wa kwenye kikao amenibatiza Slashi, na watoto wa mtaa wameshalidaka jina. Yule mama wa mukene sasa hunisubiri mlangoni kila mwezi kabla hatujaanza, daftari mkononi, nimsomee deni lake kwa mdomo wangu. Mara mbili.