Uzoefu wangu: enkoda na dekoda za video ya mtandao katika ukumbi wa shughuli, Raskazoni, Tanga

Ninashughulikia picha na sauti katika ukumbi mmoja wa shughuli hapa Raskazoni, ambako ndoa hufungwa upande wa wanaume huku akina mama wakifuatilia kwenye televisheni ya ukumbi wa ndani, na wapishi kwenye televisheni nyingine iliyoko uani. Zamani tulivuta waya mrefu wa HDMI na picha ikawa inarukaruka, ndipo mwenye ukumbi akakubali kununua enkoda moja na dekoda mbili. Enkoda huipokea picha ya kamera, huibana kwa H.264 au H.265, ambazo ni njia za kupunguza ukubwa wa video, na kuituma kwenye waya wa mtandao. Dekoda huifungua na kuitoa kwenye televisheni. Ninaandika zaidi kuhusu namna ya kutafuta hitilafu, kwa sababu kitabu cha maelekezo kilichokuja ndani ya boksi kinaeleza jinsi ya kuwasha vifaa na kuishia hapo.

Kwa upande wa ubora sina lalamiko. Kwa picha ya 1080, fremu 25 kwa sekunde na megabiti 8 kwa sekunde, hina kwenye mikono ya bibi harusi huonekana ua kwa ua. Ucheleweshaji upo, lakini ni mdogo, na hausumbui maadamu sauti nayo imepitishwa kwenye enkoda. Ukiipeleka sauti ya sheikh kwenye spika za ndani moja kwa moja kutoka kwenye miksa, itatangulia midomo yake na kila mtu ataliona hilo.

Kasoro iliyotutesa ilikuwa hii: picha ilitoka safi, kisha baada ya dakika nne na ushei ikaganda kwenye televisheni zote mbili kwa pamoja. Ukiizima dekoda na kuiwasha, picha ilirudi, na baada ya muda uleule ikaganda tena. "Mwanangu, picha imesimama tena, na bwana harusi ndiyo kwanza anaulizwa," mama mwenye ukumbi aliniambia, na alikuwa na haki ya kukasirika. Fundi aliyekuja kuangalia alisema dekoda zinapata joto. Joto la Tanga tunalijua, lakini kifaa kinachozidiwa na joto hakishiki saa. Hukatika mapema mchana na huchelewa usiku. Hitilafu isiyobadilisha muda wake mara nyingi hutokana na kanuni fulani ya mtandao. Nilichomeka kompyuta mpakato kwenye swichi, yaani kisanduku kinachounganisha nyaya zote za mtandao, nikaufungua mkondo uleule wa video kwa VLC, programu ya kutazamia video, nao ukakatika baada ya muda uleule, ilhali ukurasa wa enkoda ulionyesha kwamba inaendelea kutuma. Kwa hiyo enkoda na dekoda zote zilikuwa nzima, na paketi, yaani vipande vya data vinavyobeba picha, zilikuwa zinaishia kwenye swichi.

Enkoda ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kutuma kwa multikasti, kwenye anwani inayoanza na 239, yaani mkondo mmoja unaopokelewa na vifaa vingi. Swichi yetu nayo huchungulia ujumbe wa IGMP, yaani lugha ambayo vifaa huitumia kuomba mkondo wa multikasti, ili ijue ni tundu gani limeomba mkondo huo, na huupeleka huko tu. Dekoda hujiandikisha inapowashwa, lakini kwa kawaida uandikishaji huo hudumu sekunde 260, isipokuwa pawepo kifaa kinachouliza, kila baada ya sekunde 125, ni nani bado anautaka mkondo. Kwetu hapakuwa na muulizaji, hivyo muda ulipokwisha swichi ilifunga njia kama ilivyoagizwa. Niliwasha kazi ya muulizaji wa IGMP kwenye mipangilio ya swichi yenyewe, na shughuli iliyofuata ilikwenda tangu kuingia kwa bwana harusi hadi biriani kuliwa bila picha kusimama.

Wapo wanaoshauri kuuzima kabisa uchunguzi wa IGMP. Sikubaliani nao, kwa sababu mkondo utamwagwa kwenye kila tundu, pamoja na Wi-Fi ya wageni, nayo italemewa mara moja. Mwenye televisheni mbili tu ni bora aachane na multikasti na kuiagiza enkoda itume mkondo mmojammoja kwa kila dekoda. Megabiti 16 si mzigo kwa waya wa mtandao ulio mzima.

Ulio mzima, nasema, kwa sababu bahari iko karibu mno. Picha ya uani ilipoanza kukatika vipande vya mraba, tena bila mpangilio wa muda, ukurasa wa dekoda ulionyesha hesabu ya paketi zilizopotea ikipanda, na taa ya tundu lile kwenye swichi ilikuwa imegeuka njano badala ya kijani. Nilikichomoa kichwa cha waya nikakuta pini zake zimeota ukungu wa kijani wa chumvi. Nilikata, nikabana kichwa kipya, nikakifunika kwa mpira, na hesabu ile ikatulia kwenye sifuri. Ukurasa huo wa hali ya mkondo ndio unaonifanya niwatetee watengenezaji wa vifaa hivi. Bila huo tungekuwa tunabadilisha dekoda nzima kwa kosa la kichwa cha waya.

Mipangilio mingine ya kiwandani nayo inataka kurekebishwa. Fremu kamili, yaani picha nzima isiyotegemea zilizotangulia, ilikuwa inatumwa kila baada ya fremu 250, yaani sekunde 10, kwa hiyo paketi moja ikipotea picha hubaki chafu muda wote huo. Niliishusha hadi 50, sawa na sekunde 2. Dekoda zote mbili zilikuja na anwani moja ya IP, kwa hiyo ichomekwe moja kwanza, ibadilishwe anwani, ndipo ichomekwe ya pili. Na mtu akitaka kuonyesha mpira kutoka kwenye king'amuzi, atapata giza tupu kwa sababu ya HDCP, kinga inayozuia picha ya king'amuzi isinakiliwe, hata kama enkoda haina ubovu wowote.

Ninavipendekeza kwa mwenye ukumbi aliye na fundi anayeweza kuingia kwenye mipangilio ya swichi. Asiye na fundi wa namna hiyo amwombe muuzaji afunge kila kitu na kukiacha kikifanya kazi kwa angalau nusu saa kabla ya kulipwa.